Kulinda Bodi ya Saketi Iliyotengenezwa Nyumbani

Bodi ya saketi ya kujitengenezea huanza kama kipande cha plastiki ngumu kilichobandikwa shaba upande mmoja. Fundi huchora njia za umeme juu ya shaba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika, au huchapa mchoro kwa printa ya leza na kuuhamishia kwenye shaba kwa kuupiga pasi. Kisha bodi hutumbukizwa kwenye maji ya feri kloridi. Shaba iliyo wazi huliwa, iliyofunikwa hubaki, na kinachofuata ni kutoboa matundu, kupachika vipuri na kulehemu. Saketi ya namna hii, iwe ya kuwashia pampu ya tangi au ya kuchajia betri, hufanya kazi sawasawa na ya kiwandani. Tofauti hujitokeza baadaye, siku bodi inapoanguka, inapovutwa waya au inapoingiwa na unyevu.

Udhaifu wake una sababu tatu. Kwanza, shaba yenyewe ni nyembamba, kwa kawaida mikromita 35, yaani karibu nusu ya unene wa unywele, na imeshikwa na gundi peke yake. Pili, bodi nyingi za kiwandani zina matundu yenye utando wa shaba ndani, hivyo mguu wa kipuri hushikwa kuanzia juu hadi chini. Kwenye bodi ya nyumbani mguu huo hushikwa na kiduara kimoja cha shaba upande wa chini. Tatu, rangi ya kijani inayoonekana kwenye bodi za viwandani hukinga shaba dhidi ya hewa na maji, na bodi ya nyumbani haina kinga hiyo. Ndiyo maana kanuni kuu ya ulinzi ni kwamba uzito, mvuto na mtikisiko vipokewe na ubao wa bodi au na kasha, visiifikie shaba wala lehemu.

Ulinzi huanza na uchaguzi wa bodi. Ile ya kahawia, iliyotengenezwa kwa karatasi na fenoli, ni rahisi kukata na kutoboa, lakini humeguka pembeni ikianguka na huachia shaba upesi ikipata joto la pasi ya kulehemu. Bodi ya nyuzi za kioo na epoksi, inayojulikana kama FR-4, ni imara zaidi, na unene wake wa kawaida ni milimita 1.6. Hiyo ndiyo ifaayo kwa chombo kitakachobebwa au kufungwa kwenye pikipiki. Vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo hukatwa kwa kuvaa barakoa.

Hatua ya pili iko kwenye mchoro. Viduara vinavyoshika vipuri vizito au viunganishi vya waya hupanuliwa, na njia huongezwa upana polepole inapokikaribia kiduara ili isikatike pale inapoungana nacho. Kila pembe huachiwa nafasi ya tundu la milimita 3.2, linalopitisha skrubu ya M3, na njia zote hukaa mbali na kichwa cha skrubu hiyo. Wakati wa kulehemu, pasi haikawizwi kwenye kiduara kimoja zaidi ya sekunde chache, kwa sababu joto likizidi gundi hulegea na shaba hubanduka.

Transfoma, kapasita kubwa na vipoza joto ndivyo vinavyoharibu lehemu zaidi. Bodi ikitikisika, kila kimoja huyumba juu ya miguu yake. Lehemu iliyochoka hutambulika ikitazamwa kwa karibu: mstari mwembamba mweusi huzunguka mguu wa kipuri kama pete. Saketi ya namna hiyo huzima na kuwaka ikigongwa, na mwenye nayo huzoea kuipiga kofi. Dawa yake ni kufunga transfoma kwa skrubu au kibana cha plastiki, na kuegemeza kapasita kwenye bodi kwa gundi. Gundi ya moto hufaa mahali pa baridi tu, kwa kuwa hulainika karibu na vitu vinavyotoa joto. Silikoni huvumilia joto, ila ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na kula shaba, kwa hiyo huchaguliwa isiyo na harufu hiyo.

Waya nao huwa na mahali pake pa kukatikia: pale lehemu inapoishia na nyuzi laini zinapoanzia. Kinga rahisi ni kutoboa tundu la ziada pembeni mwa bodi, kupitisha waya humo kwanza, kisha kuulehemu kwenye kiduara chake. Mvuto ukija, hupokewa na ubao. Waya utokao nje ya kasha hupitishwa kwenye mpira unaozuia kingo za tundu zisiukwaruze, na kwa ndani hufungwa kibana ili usivutike.

Baada ya hapo ndipo shaba hufunikwa. Mabaki ya feri kloridi huoshwa kwa maji mengi kabla ya kulehemu, kwani yakibaki huendelea kula shaba taratibu. Baada ya kulehemu, fluksi husuguliwa kwa brashi na spiriti ya isopropili, kisha bodi huachwa ikauke kabisa, maana unyevu ukifunikwa na rangi hufanya uharibifu wake kwa ndani. Vanishi ya akriliki ya kupuliza hupakwa mara mbili, kila mara kwa tabaka jembamba. Viunganishi, swichi na vipima unyevu huzibwa kwa tepu kwanza. Faida ya akriliki ni kwamba huondolewa kwa asetoni wakati wa matengenezo. Epoksi ya kumiminwa hukinga zaidi, lakini huzuia joto lisitoke na hufanya ukarabati usiwezekane. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ina chumvi, bodi isiyopakwa chochote huota kutu ya kijani mapema.

Mwisho ni kasha. Bodi husimamishwa juu ya nguzo fupi za plastiki, na skrubu hukazwa bila kuipinda, kwa sababu bodi ikipindwa kapasita ndogo za kauri hupasuka bila dalili ya nje. Matundu ya hewa huwekwa ubavuni, wala si juu, na huzibwa kwa wavu laini ili mende, mchwa na mijusi wasiingie. Kasha la nje ya nyumba lenye alama IP65 huzuia vumbi na maji ya kurushwa. Kasha la chuma linalobeba umeme wa nyumbani ni lazima liunganishwe na waya wa ardhi.

Kiduara kikibanduka licha ya hayo yote, bodi haitupwi. Shaba iliyoinuka hubandikwa upya kwa tone la epoksi. Ikiwa imekatika, vanishi hukwanguliwa kwenye njia iliyo jirani, na waya mwembamba hulehemiwa kutoka hapo hadi kwenye mguu wa kipuri. Mahali hapo husafishwa kwa spiriti, hupimwa kwa mita ili kuthibitisha kwamba umeme unapita, kisha hupakwa vanishi tena kabla kasha halijafungwa.