Kimya cha Nakala za Akiba
Ofisi ndogo aghalabu huiachia programu jukumu la kunakili faili za tarakilishi zake kila usiku, ikangojea kuarifiwa panapozuka hitilafu tu. Kimya hufasiriwa kuwa salama. Mtego wenyewe ndio huo. Mnamo Januari 31, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu. Nakala zilipotafutwa hazikuonekana: programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa, nazo barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia yeyote. Data ya takriban saa 6 ikapotea. Afadhali, basi, kila tarakilishi itangaze kufaulu kwake, na iliyonyamaza ichunguzwe asubuhi iyo hiyo. Tarehe na ukubwa wa nakala vikaguliwe pia; kisha faili moja irejeshwe kila mwezi, ibainike iwapo inafunguka.