Usimfungie Ndani: Kanyanga na Vipokezi vya Ubongo

Jioni mtaani Biryogo, wilayani Nyarugenge, watu huketi kwenye barabara iliyofungwa kwa magari, wakinywa chai na kuzungumza. Hapo jirani hutambua mapema kijana aliyeanza kuwakimbia wenzake: hasalimu, halali usiku, hukasirika kwa neno dogo. Wengine husema amekosa adabu, wengine kwamba amerogwa. Lakini ikiwa amezoea kanyanga, pombe haramu ambayo mara nyingi huvushwa kwa njia za panya kutoka mpaka wa kaskazini, chanzo kimo ndani ya ubongo wake.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Juu ya seli mna vipokezi, ambavyo ni mfano wa kufuli, na kemikali ndizo funguo zake. Kemikali iitwayo gaba huzituliza seli, glutameti huziamsha. Pombe huitia nguvu ile ya kwanza na kuizuia ya pili. Ndiyo sababu mnywaji hulegea na kupoteza haya. Akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha: vipokezi vya utulivu hupungua nguvu, vya mwamko huzidi. Hatimaye hanywi tena kwa kutafuta raha, bali kwa kuyakimbia mahangaiko.

Hapa ndipo jamaa wenye nia njema hukosea. Humfungia chumbani ili aache kwa nguvu. Pombe ikikatwa ghafula, ubongo hubaki umeamka kupita kiasi bila cha kuutuliza. Katika siku 3 za kwanza mtu huyo anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Huo si ukaidi wala si pepo. Mpelekeni kituo cha afya, au mpige 912 kuomba gari la wagonjwa. Daktari ana dawa za kuutuliza ubongo huo, naye huzipunguza hatua kwa hatua.

Ndugu wakazi wa mipakani, kanyanga imo katika orodha ya dawa za kulevya zinazokatazwa nchini Rwanda. Anayeivusha na kuiuza, toeni taarifa zake kwa Polisi kupitia 112. Aliyetekwa nayo, msimfiche kwa aibu: mfikisheni kwa mganga akiwa hai, ili arejee kuketi na wenzake.