Mlinzi wa Kikapu Huanzia Miguuni

Ulinzi katika mpira wa kikapu hujengwa kuanzia chini. Mchezaji chipukizi hufundishwa kukunja magoti, kushusha kiuno na kuegemea sehemu ya mbele ya nyayo, kisha kusogea kando bila kupishanisha miguu. Zoezi hili linachosha na halipigiwi makofi, ndiyo maana vijana wengi hulikwepa wakakimbilia kufunga. Anayesimama wima na kurusha mikono kuupokonya mpira hupitwa kwa chenga ya kwanza, au hucheza faulo. Na kwa sheria za kimataifa, faulo ya tano humtoa mchezoni.

Baada ya miguu huja macho. Mpira, kichwa na mabega ya mshambuliaji vinaweza kulaghai, lakini hawezi kwenda mahali kiuno chake hakiendi. Kwa hiyo mlinzi hutazama kiuno, hukaa kati ya mtu wake na ringi, na kumsukumia pembeni, ambako mstari wa uwanja humbana.

Kazi ngumu zaidi kwa kijana ni ulinzi dhidi ya asiye na mpira. Hapo anatakiwa kuuona mpira na mtu wake kwa wakati mmoja, kusogea kila pasi inapopigwa, kuwa tayari kumsaidia mwenzake aliyepitwa, na kusema. Kusema, naam: timu iliyonyamaza hushtukizwa kila mshambuliaji anaposimama njiani kumkinga mwenzake. Ujuzi huu hupatikana kwa kukaba mtu kwa mtu. Ulinzi wa eneo, ambapo kila mchezaji hulinda sehemu yake ya uwanja badala ya mtu, huleta ushindi wa haraka katika mashindano ya watoto, kwa sababu wengi wao bado hawana nguvu ya kufunga kutoka mbali, lakini humficha mvivu. Japani imeupiga marufuku kwa wachezaji wa umri usiozidi miaka 15, na uamuzi huo una busara.

Warefu wana safari yao. Hakeem Olajuwon wa Nigeria na Dikembe Mutombo wa Kinshasa walikuwa makipa wa soka. Wote walianza kikapu wakiwa vijana wakubwa. Golini walikuwa wamekwisha kujifunza kusoma mwelekeo wa mpira na kuruka kwa wakati wake. Mutombo alitajwa mlinzi bora wa NBA mara 4, Olajuwon mara 2, na katika takwimu rasmi za ligi hiyo hakuna aliyepangua mitupo mingi kuwapita hao wawili.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, naye alichelewa kuanza. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alitawala chini ya ringi, na mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa 2 katika uteuzi wa wachezaji wapya, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Huko, tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 mbele ya ringi, na washambuliaji huwavuta warefu nje, wakabane na wachezaji wepesi. Huko nje urefu peke yake hautoshi. Msimu wa mwisho wa Thabeet NBA ulikuwa 2013/14. Kocha anayempokea kijana wa kimo hicho amfundishe kusogea kando siku ileile anayompa mpira.