Hakintoshi: Soko la Spea Linalofuata Nyayo za Apple

Kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 4090 iliingia sokoni Oktoba 2022 kwa dola 1,599 za Marekani. Radeon RX 580 ya AMD ilikuwa imetoka miaka mitano na nusu kabla yake, Aprili 2017, na bei yake ilianzia dola 199. Mpe zote mbili bure mtu anayejiundia kompyuta ili aiwekee macOS, mfumo endeshi wa Apple, naye ataichukua ile kuukuu. Ile mpya haina draiva ndani ya macOS, kwa hiyo nguvu zake zote zitalala bure.

Kompyuta ya namna hiyo, iliyoungwa kwa spea za kawaida lakini inaendesha macOS, huitwa hakintoshi. Anayetaka kuielewa biashara ya spea zake ashike jambo moja: draiva zilizomo ndani ya macOS ni za vifaa ambavyo Apple yenyewe iliwahi kuvifunga kwenye Mac zake, pamoja na ndugu zao wa karibu. Bei na sifa za dukani hazisaidii sana hapa. Unachouliza ni kama chipu hii ina ndugu aliyewahi kuishi ndani ya Mac.

RX 580 inao ndugu wa kutosha. Mac Pro ya 2019, iliyoanzia dola 5,999, ilikuja na kadi iitwayo Radeon Pro 580X, ya ukoo huohuo. Hata kabla ya hapo, Apple ilikuwa imewatajia wenye Mac Pro za 2010 na 2012 kadi ya RX 580 ya kampuni ya Sapphire miongoni mwa zile wanazoweza kununua ili wapate toleo la macOS liitwalo Mojave. Ndiyo maana kadi hiyo ilibaki kipenzi cha waundaji muda mrefu baada ya wacheza michezo kuiacha.

Upande wa Nvidia mlango ulifungwa mwaka 2018. Mpaka toleo la High Sierra, Nvidia ilikuwa ikitoa draiva zake yenyewe, na watu wengi waliunda mashine zao kwa kadi za GTX 1060 na 1080. Mojave ilipotoka, draiva za kadi hizo hazikutoka tena. Aliyekuwa nazo alibaki na njia mbili: akae na mfumo wa zamani, au auze kadi nzuri ili anunue ya AMD. Wengi waliuza.

Hata ndani ya AMD, jina la sandukuni linaweza kukuponza. RX 6600 inafanya kazi. RX 6800 na RX 6900 XT zinafanya kazi. RX 6700 XT, iliyo katikati yao kwa bei na kwa namba, haifanyi kazi. Sababu ni ileile ya udugu: chipu ya RX 6600 iliingia kwenye moduli ya Radeon Pro W6600X ya Mac Pro, ile ya kaka zake wakubwa ikaingia kwenye W6800X na W6900X, lakini chipu ya RX 6700 XT haikuwahi kupewa nafasi katika Mac yoyote. Familia nzima ya RX 7000 nayo imebaki nje. Mnunuzi asiyejua habari hii hununua kadi ya kati akidhani amepata unafuu, kumbe amenunua hasara.

Kwenye prosesa mpaka uko wazi kidogo. Mac za mwisho zenye Intel zilifika kizazi cha 10, kama iMac ya inchi 27 ya mwaka 2020. Vizazi vya 8, 9 na 10 vya mezani vyenye grafiki za ndani za UHD 630 ndivyo vyenye usumbufu mdogo, kwa kuwa Mac mini ya 2018 ilitumia grafiki hizohizo. Kizazi cha 11 na vilivyofuata vinaweza kuwaka, ila grafiki zao za ndani hazitambuliki, hivyo lazima ununue kadi ya pembeni. Ryzen za AMD nazo huwaka kwa kutia viraka kwenye kiini cha mfumo. Binafsi singemshauri mtu anayeishi kwa kuhariri video aingie huko, maana ipo siku programu moja itagoma na hatakuwa na wa kumlalamikia.

Waifai ina masaibu yake. Kwa miaka mingi maduka ya mtandaoni yaliuza kadi za Broadcom, kama ile maarufu ya Fenvi T919, kwa sababu chipu zake ni zilezile za Mac za zamani. Toleo la Sonoma la 2023 likaziondoa draiva hizo, na kadi iliyosifiwa kwamba haihitaji kuguswa chochote ikageuka mzigo wa viraka. Diski nazo zina wakorofi wao. Samsung PM981, inayopatikana kwa wingi ndani ya kompyuta za ofisi zilizouzwa kama mtumba, inajulikana kwa kuangusha mfumo.

Yote haya huunganishwa na programu ya kuwashia iitwayo OpenCore, inayotolewa bure na wanaojitolea. Fedha imezunguka kwenye spea na kwenye ufundi, wala si kwenye mashine kamili, na hilo lina historia yake. Mwaka 1995 Apple iliruhusu kampuni nyingine, ikiwemo Power Computing, kutengeneza kompyuta zinazoendesha mfumo wake. Steve Jobs aliporudi mwaka 1997 alizima mpango huo, na Apple ikanunua biashara ya Mac ya Power Computing kwa hisa za dola milioni 100. Aprili 2008 kampuni ndogo ya Florida, Psystar, ikaanza kuuza hakintoshi hadharani kwa dola 399, mfumo ukilipiwa zaidi. Apple ikaishtaki Julai mwaka huo. Novemba 2009 Jaji William Alsup aliamua kwamba Psystar ilikiuka hakimiliki, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2011. Leseni ya macOS inasema mfumo huo ni wa kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa sahihi kisheria, na fundi yeyote anayefikiria kuuza hakintoshi zilizokwisha kuungwa aisome kabla hajalipa kodi ya fremu.

Kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, kompyuta za ofisi za Dell na HP zilizotumika Ulaya au Ghuba ni bidhaa ya kila siku, na zile za kizazi cha 8 zina UHD 630 ndani yake. Kwa hesabu ya udugu, zinafaa. Ugumu uko kwenye umeme na nafasi. RX 580 inakula hadi wati 185, wakati pawasaplai ya kompyuta nyembamba ya ofisi mara nyingi hutoa wati kama 200 kwa mashine nzima, tena haina hata waya wa kuilisha kadi. Kadi fupi kama Radeon Pro WX 4100, inayotosheka na wati 50, ndiyo inayoingia humo.

Hata hivyo, hesabu ya fedha imebadilika. Mac Pro ilipoanzia dola 5,999, kujiundia kulikuwa na maana kubwa. Mac mini yenye chipu ya M4 ilitangazwa Oktoba 2024 kwa dola 599, ikiwa na RAM ya gigabaiti 16. Juni 2025 Apple ikatangaza kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel, nalo limebakiza nne tu: Mac Pro ya 2019, iMac ya inchi 27 ya 2020 na MacBook Pro mbili. Toleo litakalofuata ni la chipu za Apple peke yake, na chipu hizo haziuzwi kwa mtu mwingine. Ukoo wa spea umefika mwisho wake.

Kwa hiyo, mwenye mashine ya kizazi cha 8 na RX 580 aendelee kuitumia na kujifunzia, ila asiiongezee hata senti. Anayeanza leo kwa ajili ya kazi ya wateja adunduize fedha za Mac mini.

Nanyi wauzaji wa mitumba, mnapobandika lebo ya bei, andikeni jina la chipu lote, prosesa na kadi, mpaka namba ya mwisho. Kuandika "Core i5" peke yake hakumwambii mnunuzi kama ni kizazi cha 4 au cha 10.