Mzigo Mkubwa Haushindani Mbio na Sikukuu

Nchi yetu haina bahari. Kila transfoma ya umeme, kila tingatinga na kila mtambo wa kiwanda utokao ng'ambo kwa meli hauna budi kuteremshwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha usafirishwe kwa barabara zaidi ya kilomita 1,400 hadi kufika Kigali. Kituo cha umeme cha Rusumo, chenye megawati 80 ambazo Rwanda inagawana na Burundi na Tanzania, kinaendeshwa kwa mitambo iliyoletwa kutoka mbali. Mizigo ya namna hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumzia katika makala haya, kwa sababu askari polisi ndiye anayeisindikiza, na mwanajeshi naye ana zana nzito zinazopita katika barabara hizo hizo.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ya mwaka 2013, iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Vipo pia vikomo vya upana, urefu na kimo. Kinachozidi vikomo hivyo hakisafiri ila kwa kibali maalumu. Kwa kawaida mzigo huo huenda mchana tu, ukitanguliwa na gari lenye taa na bendera, wala hauwezi kuegeshwa popote, maana ukingo wa barabara haukuupimia nafasi.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Lori la kawaida likipoteza siku moja, limepoteza siku moja tu. Mzigo mpana ukipoteza siku moja, huenda kibali kikaisha muda wake, wasindikizaji wakawa wamepangiwa kazi nyingine, na matayarisho yote yakaanzwa upya. Na katika mambo yanayokula siku za msafara, moja linajulikana tangu mwaka kuanza, nalo ni sikukuu za serikali.

KALENDA MBILI, BARABARA MOJA

Tarehe 6 Aprili 2016, Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli walifungua rasmi daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Daraja la zamani lilipitisha gari moja moja. Sherehe ile ilifanyika siku moja tu kabla ya tarehe 7 Aprili, ambayo ni siku isiyo ya kazi katika kingo zote mbili za mto. Upande wa Tanzania ni kumbukumbu ya Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1972. Upande wetu ni mwanzo wa maombolezo ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Mwaka 2023 tarehe hiyo iliangukia Ijumaa Kuu. Jumatatu iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, nayo ni siku ya mapumziko katika nchi zote mbili. Mwenye mzigo aliyefika mpakani Alhamisi jioni akiwa bado anadaiwa sahihi moja, aliweza kungoja siku nne kabla ya ofisi kurudia kazi zake za kawaida. Lango la mpaka laweza kuwa wazi, lakini ofisi itoayo kibali ikawa imefungwa.

Siku nyingine hazilingani, na hizo ndizo zinazowanasa watu. Tanzania hupumzika tarehe 26 Aprili, 8 Agosti, 14 Oktoba na 9 Desemba, wakati sisi tuko kazini. Sisi hupumzika tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, na Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya Umuganura, wakati wao wako kazini. Mwezi Julai tuna tarehe 1 na tarehe 4, nao wana tarehe 7, yaani sikukuu tatu ndani ya siku saba. Aidha, kwetu sikukuu ikiangukia mwisho wa juma, siku ya kazi inayofuata huwa mapumziko, isipokuwa kwa tarehe 7 Aprili.

Tena kuna umuganda. Hauandikwi miongoni mwa sikukuu, lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tangu saa 2 hadi saa 5 asubuhi, magari husimama ili wananchi wafanye kazi ya pamoja. Wakala wa mizigo aliyeko Dar es Salaam huenda asilijue jambo hilo asipoambiwa.

Anayepitia Mombasa ana kalenda tatu za kusoma, kwani anavuka Kenya na Uganda kabla ya kufika kwetu. Tarehe 1 Juni ni Madaraka nchini Kenya, na tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi wa Uganda. Mahujaji waendao Namugongo hutembea kwa miguu kandokando ya barabara siku nyingi kabla ya sikukuu yenyewe. Msafara wenye mzigo mpana na umati wa waenda kwa miguu havifai kukutana katika barabara moja.

Zipo pia siku zisizoandikwa katika kalenda yoyote. Idi hungoja mwezi uandame. Na tarehe 22 Machi 2021 Tanzania ilipumzika kwa ajili ya kumwaga Rais Magufuli kitaifa mjini Dodoma, mji ambao uko katika njia yenyewe ya kuja Rusumo. Siku chache kabla, hakuna mpanga safari aliyeijua siku hiyo.

MKESHA NDIO WENYE HATARI

Baadhi ya watu hudhani kwamba hasara ya sikukuu ni kuchelewa. Sisi tunaona kwamba hatari yake kubwa iko katika mkesha. Mwenye mali hupiga simu akitaka mzigo ufike kabla ofisi hazijafungwa. Dereva hukaza mwendo. Barabara imejaa mabasi ya watu wanaorejea makwao, na jua linazama. Pale Rusumo gari lililokuwa likiendeshwa upande wa kushoto huhamia upande wa kulia, kisha hukabili vilima na kona za barabara ya Kigali. Mzigo mpana katika hali hiyo hauhitaji kosa kubwa ili ulete msiba. Askari aliye mbele ya msafara ndiye wa kwanza kukutana na msiba huo.

Kwa tarehe 7 Aprili kuna jambo zito zaidi ya ofisi kufungwa. Siku hiyo familia hukusanyika kwenye makumbusho, toka Gisozi hadi vijijini. Msafara wenye honi na taa za kumetameta hauna nafasi kati ya watu wanaowakumbuka jamaa zao. Hata kama karatasi zote ni halali, mzigo huo na uegeshwe.

LIFANYIKE NINI

Kwanza, kalenda za nchi zote za njiani ziwekwe mezani kabla meli haijatia nanga, na hesabu ianzie siku ya kufika irudi nyuma hadi bandarini. Pili, ziachwe siku za ziada. Wahenga walisema akiba haiozi, na siku mbili zilizobaki bila kutumika si hasara. Tatu, mahali pa kuegesha pachaguliwe mapema, penye ulinzi, maji na choo, maana dereva na utingo wake ni binadamu wanaolala hapo pamoja na mzigo. Nne, kamanda wa msafara awe na namba ya simu ya afisa wa zamu wa kila upande wa mpaka, si ya mkuu wa ofisi ambaye siku hiyo yuko nyumbani kwake.

Tano, na hili ndilo gumu, afisa anayeombwa msafara wa dharura jioni ya mkesha awe tayari kukataa. Dharura ya kweli ipo: jenereta ya hospitali, au vyuma vya daraja lililosombwa na maji. Hiyo iombewe ruhusa kwa maandishi, kwa wenye madaraka, wala isijadiliwe na konstebo kizuizini. Lakini uzembe wa mtu aliyekuwa na kalenda ukutani tangu Januari hauwi dharura kwa kuwa leo anapiga kelele.

Ndugu askari, mwenye mali atalalamika kwa siku mbili au tatu, kisha atapokea mtambo wake ukiwa mzima. Wewe nawe utamkabidhi kamanda wako hesabu kamili ya watu uliotoka nao.