Istilahi za Ukoo na Swali la Daktari: Mfano wa Kiyovu, Kigali

"Je, katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kuugua kisukari, shinikizo la damu au saratani?" Swali hili ni la kawaida katika chumba cha daktari, na nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, linaweza kuulizwa kwa Kiswahili pia. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu lake linaweza kupotoka hata pale mgonjwa anaposema kweli.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika Kinyarwanda, umuryango ni familia na pia ni mahali pa kuingilia nyumbani. Kiswahili cha pwani nacho kinalijua neno mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Juu ya umuryango kuna ubwoko, yaani koo pana kama vile Abanyiginya, Abasinga na Abazigaba. Utawala wa Kibelgiji ulipoanza kuandika Uhutu, Ututsi na Utwa katika vitambulisho miaka ya 1930, neno hilohilo la ubwoko likaishia kubebeshwa maana hiyo nyingine. Maandishi hayo yaliondolewa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mtafiti anayemuuliza mzee wa Kigali "ukoo wako ni upi?" asishangae akijibiwa kwa kimya.

Majina nayo hayamsaidii sana. Kwa desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Anayejua nani ni mtoto wa nani, na bibi alikufa kwa maradhi gani, ni jirani. Lakini sehemu ya chini ya Kiyovu, iliyoitwa Kiyovu ya maskini, ilibomolewa na baadhi ya wakazi wake wakahamishiwa Batsinda. Pamoja na nyumba, mashahidi wa nasaba walitawanyika.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika istilahi za jamaa. Ndugu wa kiume wa baba huitwa data wacu, kwa tafsiri sisisi "baba yetu", kama vile Kiswahili kinavyosema baba mkubwa na baba mdogo. (Mwandishi mwenyewe aliwahi kumwandika baba yake mdogo katika nafasi ya baba, na hakuona kosa.) Aidha, tangu mwaka 1996 wanafunzi manusura walio katika chama cha AERG wamekuwa wakiunda familia na kuchaguana wao kwa wao kuwa baba na mama. Huo ni undugu kamili, wala hakuna mwenye haki ya kuuita wa bandia. Ila urithi wa damu haufuati njia hiyo. Wazazi wawili wanaobeba chembe ya urithi ya selimundu wana uwezekano wa robo, katika kila ujauzito, wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo. Hatari ya saratani ya matiti nayo inaweza kurithiwa kupitia kwa baba, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa upande mwingine, anayeulizwa habari za "ukoo" huenda akataja upande wa baba tu, na maradhi ya upande wa mama yasiandikwe kabisa.

Tunapendekeza swali ligawanywe. Kwanza aulizwe mgonjwa: "Nani alikulea?" Kisha, kwa upole: "Je, unajua habari za afya za mama aliyekuzaa? Na za baba aliyekuzaa?" Baada ya hapo watajwe shangazi na mjomba, kwa kuwa istilahi hizi, kama masenge na marume za Kinyarwanda, tayari zinatenga upande wa baba na wa mama.

Fomu yenye "ndiyo" na "hapana" pekee humlazimisha yatima wa 1994 kujibu "hapana", na daktari atakayeisoma baadaye ataamini kwamba familia ile haikuwa na ugonjwa. Nafasi ya tatu iandikwe "haijulikani".