Manukato ya Kale na Chupa Zake: Sonara na Muuza Manukato (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi maabara zilivyoingia katika kazi ya manukato: kumarini katika Fougère Royale ya Houbigant mwaka 1882, kisha vanilini katika Jicky ya Guerlain mwaka 1889. Msomaji wa Unguja na Pemba ana haki ya kujua kwamba karafuu imo ndani ya historia hiyo. Kwa miongo kadhaa viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanilini kutokana na eugenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, na wakati huo visiwa vyetu ndivyo vilivyoongoza duniani kwa zao hilo. Mafuta ya makonyo yanayokamuliwa Pemba hadi leo yamebeba kiini hichohicho. Leo tugeukie chupa.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, bibi wa Paris aliuziwa manukato katika chupa ya kawaida, kama zile za duka la dawa, yenye lebo ya karatasi. Akifika nyumbani aliyamimina katika kichupa chake mwenyewe cha kioo kilichokatwa kwa mkono. Chupa nzuri ilikuwa mali ya mnunuzi. Watu wa ikulu walikuwa na yao: mwaka 1853 Guerlain walimtengenezea Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, kolonya katika chupa iliyopambwa kwa nyuki, alama ya ufalme huo. Lakini hiyo ilikuwa heshima ya wachache.

Aliyeugeuza mtindo huo ni François Coty, Mkorsika aliyezaliwa Ajaccio mwaka 1874. Kazi ya harufu alijifunza Grasse, kusini mwa Ufaransa, na alipofungua biashara yake alitoa La Rose Jacqueminot mwaka 1904 na L'Origan mwaka 1905. Duka lake la Place Vendôme lilipakana na la René Lalique, sonara ambaye jina lake lilikuwa limevuma tangu Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900. Coty alimwendea jirani yake na kumwomba amchoree lebo na chupa. Hiyo ilikuwa kama mwaka 1908.

Wengi hupenda kusimulia jinsi Coty alivyovunja chupa sakafuni katika duka kubwa la Paris ili wateja wavutwe na harufu. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni kalibu. Lalique aliacha fuwele nzito ya kukatwa kwa mkono, akachukua kioo chenye risasi kidogo zaidi, akakipuliza au kukikandamiza ndani ya kalibu ya chuma. Nakshi aliyoichonga mara moja ikaweza kutolewa tena na tena bila kupoteza unyoya wala ukucha. Chupa ikishatoka ilipitishwa kwenye tindikali ili sehemu fulani zipate ukungu, kisha rangi ikapakwa na kufutwa, ikabaki ndani ya mifereji ya nakshi tu. Itazame Ambre Antique ya mwaka 1910: wanawake waliovaa mavazi ya Kigiriki wameizunguka chupa nzima, na rangi ya kahawia imelala katika mikunjo ya nguo zao. Hiyo ni kazi ya sonara, ila sasa hata mke wa karani aliweza kuwa nayo.

Kazi ilipozidi, Lalique alikodi kiwanda Combs-la-Ville mwaka 1909 na kukinunua mwaka 1913. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alijenga kingine Wingen-sur-Moder, karibu na mpaka wa Ujerumani, ambako leo kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Nyumba nyingine nazo zikamfuata. Worth walipewa Dans la Nuit mwaka 1924, tufe la buluu lililotapakaa nyota. Baccarat, watengenezaji wa fuwele, nao hawakulala. Chupa ya Shalimar ya mwaka 1925 ni yao.

Mkusanyaji wa chupa hizi huanza kwa kuigeuza chupa na kusoma kitako. Chupa iliyoandikwa "R. Lalique" kwa kawaida ni ya kabla ya kifo chake mwaka 1945, baada ya hapo herufi R iliondolewa. Waghushi wanalijua hilo, nao huichora R kwenye chupa za baadaye, kwa hiyo saini peke yake haitoshi. Kisha aangalie kizibo. Vizibo vya zamani vilisagwa kimoja kimoja hadi vikae sawasawa kwenye shingo ya chupa yake, na mara nyingi namba ileile iliandikwa kwenye kizibo na kwenye chupa. Namba zikitofautiana, kizibo kimetoka kwingine na thamani hushuka sana. Bora kuliko vyote ni shingo ambayo bado imefungwa kwa utando mwembamba wa utumbo wa mnyama na uzi uliozungushwa, kama ilivyotoka kiwandani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na soko. Soko hulipia kioo, na wapo wanaomwaga kilichomo ili chupa ing'ae. Naona huo ni uharibifu. Matone hayo machache ya rangi ya chai ndiyo yanayobeba kazi ya mtunzi wa harufu, na mara nyingi hayawezi kununuliwa tena popote. Zabadi na miski ya mnyama zimeachwa karibu kabisa. Utando unaoota kwenye magome ya mialoni, uliokuwa nguzo ya Chypre ya Coty ya mwaka 1917, umewekewa masharti makali. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku atranoli na kloroatranoli, viambata vyake vinavyoleta mzio. Ndiyo maana jina likibaki lilelile dukani, harufu huwa nyingine.

Ni kweli kwamba uzee huyala manukato. Harufu za mwanzo, za ndimu na bergamoti, ndizo hutangulia kuharibika, na pua hupokea ukali usiopendeza kwa dakika kadhaa. Asiye na subira huishia hapo. Akingoja, mara nyingi mbao, vanilini na maua mazito hujitokeza yakiwa mazima. Huko Versailles, hifadhi ya Osmothèque iliyoanzishwa mwaka 1990 huyaweka manukato gizani kwa nyuzi joto 12, na hewa ndani ya chupa hubadilishwa kwa gesi ya argoni. Chypre ya Coty bado inanuswa huko.

Nyumbani, kabati lenye giza mbali na jiko na dirisha litasaidia. Kizibo kikiganda usikizungushe kwa nguvu wala usikitie maji ya moto, kwa maana kioo cha zamani hupasuka. Dondoshea mafuta kidogo kwenye mshono, iache chupa imesimama wima siku kadhaa, kisha ujaribu tena taratibu.

(Itaendelea)